Shajara ya mradi: nyuso sambamba, karakana ya Majengo

Jumamosi, 5 Aprili

Mpwa wangu ana miaka 12, yuko Gredi ya 6, na haoni tangu alipokuwa mchanga. Hesabu za namba anazipenda na anaziweza. Kwenye maumbo ndipo alipokwama. Kitabu chake cha nukta nundu kina mchoro wa mchemraba, mistari yake imeinuliwa ili ifuatwe kwa kidole, na swali la chini yake lasema: taja jozi za nyuso zilizo sambamba. Likizo ilipofunguliwa alikuja kwangu na kitabu chenyewe.

"Shangazi, hapa pana mraba mmoja na vitu viwili vimelala upande. Mwalimu asema nyuso ni sita. Hizo nyingine ziko wapi?"

Nafundisha hisabati, na mchoro huo nimeuchora ubaoni miaka yote bila kuuliza swali hilo. Anayeona huusoma kwa mazoea ya macho: anajua kuwa kile kilicholala upande ni mraba uliotazamwa kwa mshazari, na kwamba nyuma yake kuna nyuso tatu zilizofichwa. Kidole hakina mazoea hayo, hukuta kilichomo kwenye karatasi, na karatasi haina kina. Kumwuliza mtoto kama uso wa mbele ni sambamba na wa nyuma, na wa nyuma hakupewa, si haki.

Leo nimekwenda kwa mjomba, karakana yake iko Majengo, hapa Mombasa. Nimemwomba tutengeneze seti ya maumbo ya mbao ya kushikwa mkononi, na kila umbo lijibu swali moja: lina jozi ngapi za nyuso sambamba? Hakuniuliza kwa nini. Aliuliza urefu wa kila upande, na nakubali tukosee kwa kiasi gani. Tumepatana milimita 100, na kosa lisizidi nusu milimita. Mbao ni za mwembe, amezikausha darini tangu mwaka jana.

Jumapili, 6 Aprili

Mchemraba wa kwanza umekamilika saa nne asubuhi na umekataliwa saa tano.

Tuliupima kwa kalipa, chombo cha kubana kinachosoma unene, juu na chini, kwenye pembe mbili zinazokabiliana. Zote zilisoma 100.0. Nikaandika "sawa" kwenye daftari. Mpwa wangu alikuwa ameketi kwenye benchi akichezea gololi ya kioo. Mjomba aliweka mchemraba mezani, akauwekea kipande cha kioo juu, akamwambia, "Haya, weka gololi yako hapo katikati uniambie."

Gololi ikaondoka. Sote tuliisikia ikikwaruza kioo, kisha ikadondoka sakafuni.

Mimi nilisema ni meza. Mjomba akaleta pimamaji, na meza ilikuwa imetulia. Lakini mtoto alishapata njia ya kujua bila pimamaji. Aliuzungusha mchemraba robo duara, akaweka gololi tena, akasikiliza inakodondokea. Akauzungusha tena. Gololi iliufuata mchemraba. "Meza ingekuwa na kosa," akasema, "ingeanguka upande ule ule kila mara. Sasa yageuka na mbao. Kosa liko kwenye mbao."

Tulipima pembe ya tatu: 99.3. Ya nne: 100.7. Uso wa juu ulikuwa umeinama kwa kuzungukia ule mshazari tulioupima sisi, upande mmoja ukishuka na wa pili ukipanda. Nukta mbili huonyesha mstari, basi. Ili kujua nyuso mbili ni sambamba unahitaji vipimo vitatu, na nukta zake zisiwe kwenye mstari mmoja, kwa sababu ile ile inayokifanya kigoda cha miguu mitatu kisicheze hata kwenye sakafu mbovu. Nimelifundisha darasani jambo hili kwa maneno na leo nimelisikia likianguka chini.

Kuanzia sasa kila uso unapimwa mara tatu, kisha gololi.

Jumatano, 9 Aprili

Mchemraba mpya umepita: jozi 3. Kasha la mstatili limepita: jozi 3. Mche wa pembetatu umepita: jozi 1, zile pembetatu mbili za mwisho. Haya ni mepesi, siyarefushi.

La kusimulia ni kasha lililoinama. Mjomba alikata mbao ili kuta zote nne ziegemee upande mmoja, kama maboksi ya mchuuzi yaliyosukumwa kidogo na upepo. Hakuna pembe mraba hata moja. Mpwa wangu alilishika akasema hili halina kitu, limepinda lote. Akaweka gololi juu, nayo ikatulia. Akaligeuza, uso wa pili, wa tatu, akaendelea mpaka wa sita. Ikatulia mara zote. Jozi 3, sawa na mchemraba.

Alikaa kimya muda, kisha akauliza: "Kwa hiyo sambamba si kunyooka?"

Ndiyo hasa. Pembe mraba ni habari ya nyuso zinazokutana. Sambamba ni habari ya nyuso ambazo hata uzirefushe vipi hazitakutana.

Jumamosi, 12 Aprili

Leo tumekata mchemraba, na nataka kuandika polepole kwa sababu ndiyo kazi iliyonifurahisha kuliko zote.

Mchemraba una nyuso sita. Kwenye kila uso tulichora mshazari mmoja, kutoka pembe hadi pembe, tukihakikisha mishazari inakutana mitatu mitatu. Ukifanya hivyo vipeo, yaani kona za mchemraba, vinne kati ya vinane vinaguswa na kalamu, na vinne vinabaki bila alama. Hivyo visivyo na alama ndivyo vya kukatwa. Msumeno unapita kwenye mishazari mitatu inayokizunguka kipeo, na kipande kinatoka chenye pembe mraba kwa ndani na uso mmoja wa pembetatu sawa. Mara nne. Mjomba alichonga kwanza kitako cha mbao chenye mfereji wa kuushika mchemraba usiteleze, kazi iliyochukua muda kuliko ukataji wenyewe.

Kilichobaki katikati ni umbo la nyuso nne, zote pembetatu zenye pande sawa, kila ukingo milimita 141. Vitabu huliita tetrahedroni. Mjomba aliliinua akasema, "Hii ni sambusa," na jina limekaa.

Mpwa wangu aliilaza sambusa kwa kila uso wake. Kila mara mkono wake ulipopanda juu ulikuta ncha. Hapakuwa na mahali pa kuweka gololi. Jozi 0. Mikato minne imetosha kuua jozi zote tatu za mchemraba, na hakuna hata uso mmoja wa zamani uliosalia kwenye sambusa.

Tulipeleka kila kitu kwenye mizani ya duka la nafaka jirani. Mchemraba kabla ya kukatwa ulikuwa na gramu 600. Sambusa ina 200, theluthi kamili kama hesabu inavyotaka. Vipande vinne vya pembeni kwa pamoja vina 370. Hizo 30 ziko sakafuni, ni unga wa msumeno.

Mjomba alitaka kuvitupa vile vipande. Mtoto amevitia mfukoni mwa buibui lake akarudi navyo nyumbani.

Jumatatu, 14 Aprili

Vipande vinne vimekuwa piramidi. Si mimi niliyeona, ni yeye, jana usiku, kitandani, gizani ambako kwake si giza.

Alitambua kwamba kila kipande kina kona moja iliyo mraba pande zote, kona ya ule mchemraba wa zamani. Kona nne za nyuzi 90 zikikutanishwa hufunga duara zima. Akavipanga kona kwa kona, vikafunga, na nje ukatokea msingi wa mraba na pembetatu nne sawa zinazopanda hadi ncha moja. Asubuhi alivileta karakana vikiwa vimefungwa kwa kitambaa, na mjomba akavigundisha bila kubadilisha kitu.

Tukapima. Msingi ukiwa chini, juu pana ncha. Pembetatu ikiwa chini, mambo ni tofauti kidogo: mkono haukuti ncha, unakuta ukingo mzima umelala juu, na ukingo huo uko sambamba na meza. Alitaka ihesabiwe. Tulibishana kidogo, kwa adabu. Nikamwambia ukingo si uso, hauwezi kubeba gololi. Akajaribu kuibebesha, ikaanguka kulia, ikaanguka kushoto. Jozi 0.

Jumanne, 15 Aprili

Sambusa ina jozi 0. Piramidi ina jozi 0. Leo tumeziunganisha, uso wa pembetatu kwa uso wa pembetatu.

Kwanza hazikulingana. Pembetatu ya sambusa ilikuwa na milimita 141 na ya piramidi 138 kasoro, kwa kuwa msumeno wetu unakula milimita 1.5 kila mkato na tuliupitisha upande wa vipande. Mjomba alipiga randa uso mmoja wa sambusa mpaka ukapungua milimita 3, mara mbili ya upana wa msumeno, na pembetatu zikakaa kama mkono na glavu. Ninaloomba msomaji alizingatie ni hili: kupungua kule hakukuharibu pembe yoyote. Sambusa ndogo ina mielekeo ile ile ya sambusa kubwa, na usambamba ni mambo ya mwelekeo, ukubwa haumo.

Gundi ilipokauka nikamwuliza nyuso ni ngapi. Kwa karatasi hesabu ni nyepesi: nne za sambusa, tano za piramidi, toa mbili zilizofichwa kwenye gundi, zabaki saba. Alizihesabu kwa kiganja akasema tano. Nikamwambia ahesabu tena. Tano. Nikamshika mkono nihesabu naye, na kiganja changu kikapita kutoka pembetatu ya piramidi hadi pembetatu ya sambusa bila kukuta ukingo. Mahali pawili pembetatu mbili zimekuwa uso mmoja ulionyooka. Pembe kati ya nyuso mbili za sambusa ni nyuzi 70.5 hivi. Pembe kati ya pembetatu mbili jirani za piramidi hii ni 109.5 hivi. Jumla 180 kamili, yaani bapa.

Swali hili hili liliwahi kuwapiga chenga watunga mtihani. Mwaka 1980 huko Marekani liliulizwa kwenye PSAT, mtihani wa wanafunzi wa sekondari, na jibu lililokuwa kwenye karatasi ya kusahihishia lilikuwa 7. Mwanafunzi mmoja alijibu 5, akakosolewa, akathibitisha kuwa yeye ndiye sahihi, na alama zikarekebishwa. Nilipomsimulia mpwa wangu alitaka kujua kama mwanafunzi yule alikuwa haoni. Nikamwambia alikuwa anaona. Akasema, "Basi alishika."

Halafu gololi. Umbo limelazwa kwa ile pembetatu ya piramidi iliyo mkabala na gundi. Juu imekuja pembetatu ya sambusa, imelala. Gololi imetulia. Tumeizungusha robo, nusu, robo tatu, na gololi imetulia. Vipimo vitatu vya kalipa havikuachana hata robo milimita. Jozi 1.

Sifuri na sifuri zimezaa moja. Kila uso wa jozi hiyo umetoka kwa mzazi tofauti, na kabla ya leo hapakuwa na mwenza wake popote. Usambamba hauko ndani ya uso. Uko kati ya uso na uso, na unaweza kuzaliwa siku vitu viwili vinapokutanishwa. Nimeyaandika haya ukutani mwa karakana kwa chaki, na mjomba ameyaacha.

Alhamisi, 24 Aprili

Mvua tangu Jumapili. Maji yameingia karakana hadi kwenye kifundo cha mguu. Hakuna kazi.

Jumamosi, 26 Aprili

Nilikuja nikiwa na hofu ya kukuta kila kitu kimepinda. Mchemraba mmoja ulikuwa rafuni, mwingine mjomba aliusahau chini, sehemu yake ya chini ikaloa.

Ule wa rafuni umevimba kwa unyevu wa hewa. Kufuata nyuzi za mbao umebaki 100.0, kwa sababu mbao karibu hairefuki upande huo. Kukatisha nyuzi umefika 101.1 upande mmoja na 100.7 upande mwingine. Pembe zake pia si mraba tena, uso wa mwisho umekuwa kama kashata iliyokatwa mshazari. Si mchemraba tena. Lakini kila uso ukipimwa mahali patatu dhidi ya mwenzake, vipimo ni vile vile, na gololi imetulia mara sita.

Ukikitanua kitu kwa kiasi kile kile kila mahali kuelekea upande mmoja, au ukikisukuma chote kilale, nyuso zilizokuwa sambamba zitabaki sambamba. Urefu unabadilika na pembe zinabadilika, na usambamba haubadiliki. Kasha lililoinama la tarehe 9 ni habari hiyo hiyo, tofauti ni kwamba lile liliinamishwa na msumeno na hili na masika.

Ule wa sakafuni ni hadithi nyingine. Karibu na sakafu upana wake ni 101.6, juu ni 100.4. Haukuvimba sawa, kwa hiyo kuta zake zimefunguka kama kifungu cha karatasi kilichoshikwa upande mmoja. Umelazwa kwa ubavu, gololi ikakimbia. Nilitaka tuupige randa. Mpwa wangu amekataa, asema ubaki vile ulivyo katika seti, uwe wa kulinganishia. Ni kweli, seti ya maumbo yote mazuri haimfundishi mtu kutambua baya.

Kuanzia leo yote yanapakwa vanishi kila upande, hata chini, ili unyevu uingie sawasawa au usiingie.

Jumamosi, 10 Mei

Shule imefunguliwa, tunafanya kazi Jumamosi tu. Tumekata michemraba miwili zaidi. Kila mmoja umetoa sambusa moja na piramidi moja, kama ule wa kwanza.

Piramidi mbili tulizigundisha msingi kwa msingi. Hiyo ni oktahedroni: pembetatu nane. Kila pembetatu iliyolazwa chini inaleta pembetatu juu yake, gololi inatulia mara nane, kwa hiyo jozi 4. Tena sifuri na sifuri, na safari hii zimezaa nne. Mpwa wangu aligundua kuwa pembetatu ya juu haikukaa kama ya chini: ncha ya moja inaelekea mlangoni, ncha ya nyingine inaelekea dirishani. Zinatazamana huku zimepishana. Hilo latokana na umbo kuwa na kitovu: chukua nukta yoyote juu ya ngozi ya umbo, vuka kitovu kwa mstari ulionyooka, utatokea kwenye nukta mwenza upande wa pili. Umbo lenye sifa hiyo kila uso wake una mwenza sambamba. Dodekahedroni yenye nyuso 12 ina jozi 6 kwa sababu hiyo, na ikosahedroni yenye 20 ina jozi 10. Hizo mbili tutazikunja kwa kadibodi, mjomba amesema wazi hatazikata.

Sambusa moja imebaki nzima katika seti. Ya pili tumeikata ncha zake nne, kila ncha kwa theluthi ya ukingo, milimita 47. Mjomba aliilaza mezani akaupitisha msumeno ukiwa umelala kwenye vibao viwili vya kimo kimoja, kwa hiyo mkato wenyewe ulizaliwa ukiwa sambamba na meza, na meza iko sambamba na uso uliolala. Akaigeuza, akarudia. Sasa umbo lina nyuso nane: nne za pembesita na nne za pembetatu ndogo. Gololi imetulia kwenye kila pembetatu. Jozi 4.

Hapo ndipo mpwa wangu alipotoa daftari lake la shule. Amenakili humo, kwa nukta nundu, sentensi aliyopewa darasani: nyuso sambamba ni nyuso zinazolingana zinazotazamana. Akaweka kidole cha mkono wa kushoto kwenye sentensi na kiganja cha kulia kwenye umbo. Pembetatu juu, pembesita chini.

"Hizi hazilingani."

Hazilingani kwa ukubwa, wala kwa idadi ya pembe. Ni sambamba. Sentensi ile ni kosa, na si la mwalimu mmoja, nimelisikia sehemu nyingi, linatokana na kuanza na mchemraba na kuishia hapo hapo. Ndoo ya maji ingetosha kulivunja: mdomo ni mpana, kitako ni chembamba, na viwili hivyo ni sambamba. Nimemwandikia barua fupi mwalimu wake, ya heshima, na nimempa mtoto aende na lile umbo.

Jambo moja zaidi kabla sijafunga daftari. Oktahedroni na sambusa iliyokatwa ncha zote zina nyuso nane na jozi nne. Ya kwanza ina kitovu cha aina niliyoeleza, ya pili haina. Kitovu kinaleta jozi, lakini jozi zaweza kuja bila kitovu. Niliamini kinyume cha hilo kwa miaka, kimya kimya.

Jumapili, 18 Mei

Maumbo ya mitaani. Tulipitia gereji moja karibu na Makupa, fundi akamkabidhi mtoto nati za kila saizi. Nati ina pembe sita: kuta zake sita ni jozi tatu, na juu na chini ni jozi ya nne. Spana inaishi kwa jozi hizo, mdomo wake ni nyuso mbili sambamba zinazotafuta nyuso mbili sambamba za kubana. Huko Marekani mabomba ya maji ya zimamoto hutiwa nati za pembetano makusudi. Pembetano sawa haina pande mbili zilizo sambamba, spana ya kawaida haina pa kushika, na mpita njia hawezi kuyafungua.

Penseli yake ya pembesita: jozi 4. Mche wa pembetano: 1. Wa pembenane: 5. Aliipata kanuni mwenyewe kabla ya kufika daraja la Nyali. Pande zikiwa witiri jozi ni moja, zikiwa shufwa ni nusu ya pande na moja zaidi, mradi pande na pembe zote ziwe sawa.

Waashi nao. Mawe ya kukatwa ya matumbawe yanayojengewa nyumba nyingi hapa pwani hayako sawa pande zote, na mwashi hajali. Anayoitaka ni jozi moja, juu na chini, ili safu ya pili ikae juu ya safu ya kwanza. Ubavuni atajaza kwa saruji.

Jumamosi, 31 Mei

Nilidhani tumemaliza. Seti ina maumbo yake kumi, yamepakwa vanishi, kila moja lina namba ya nukta nundu iliyopigwa kwa misumari midogo. Mjomba ametengeneza kasha lake, jozi 3.

Mpwa wangu alikuwa anapanda ngazi za nyumba ya mjomba, akasimama katikati.

"Shangazi, uso waweza kuwa na wenza wangapi?"

Nikajibu haraka: mmoja. Maumbo yetu yote ni hivyo, kila uso una mwenza mmoja au hana. Ukilaza uso mezani, juu kabisa kuna mahali pamoja tu.

"Na ngazi je?"

Akagonga kwa mguu kidato alichosimamia, kisha cha chini yake. Vidato vyote vimelala. Vyote ni sambamba, na sakafu pia. Kanuni yangu ilikuwa ya maumbo yasiyo na bonde. Ngazi ina mabonde, na kwenye bonde uso mwingine hupata nafasi ya kulala bila kuwa juu kabisa.

Mjomba alikata kipande cha vidato viwili saa ile ile. Nyuso zilizolala ni tatu: chini, kidato cha kwanza, kidato cha pili. Ukizipanga mbili mbili ni jozi tatu. Zilizosimama mbele na nyuma nazo ni tatu, jozi tatu nyingine. Ubavu na ubavu, jozi moja. Jumla 7. Gololi imetulia kwenye kila kidato, na kwenye kidato cha kwanza haiwezi hata kuanguka kwa nyuma, inagonga ukuta wa cha pili. Amecheka.

Kisha akaanza kuhesabu bila mbao. Kidato kimoja ni kasha tu: 3. Viwili: 7. Vitatu, zilizolala nne, zilizosimama nne, sita na sita na moja: 13. Mjomba akakata cha vitatu tukahakikisha kwa kiganja, ni 13. Jua lilikuwa limeshazama na umeme umekatika, sisi wawili hatuoni vizuri tena. Yeye akaendelea, mkono juu ya mbao.

"Vinne ni 21," akasema. "Babu, mbao imebaki?"

Imebaki. Jumamosi ijayo tunakata cha vinne.